Doa Chini ya Mtulinga

Kilichoninyima usingizi majuma yale kilikuwa swali moja: je, doa lile lilikuwa ndani ya kifua cha mama fundi, jirani yetu mshonaji, au lilikuwa kwenye picha tu? Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo bombani kuchota maji. Kama lilikuwa kifuani, basi ukimya wangu ulikuwa unamdhuru. Kama lilikuwa kwenye picha tu, neno langu lingemtisha bure mtu ambaye tayari hakuwa akilala wala kula vizuri. Na mimi si daktari. Hilo nililirudia hata nikachoka kujisikia, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akinibishia.

Swali lenyewe halikuwa geni kwangu. Ndilo nililokuwa nikijiuliza kila siku kazini, juu ya vitu visivyo na watoto wala safari ya kwenda popote.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi kwa masomo ya mbali, pale katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya Lilongwe, katika chumba chenye kompyuta zilizopangwa kufuata ukuta na betri za sola chini ya meza. Profesa aliyesimamia utafiti wangu wa mwisho, mtu ninayemjua kwa sauti tu, aliniambia niendelee kujitolea katika kundi lake dogo. Kundi lilichunguza picha za darubini inayozunguka juu kabisa, nje ya hewa yetu, kwa sababu miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota haifiki chini. Hewa inaimeza njiani. Picha hizo, zikishakaa muda fulani, huwekwa wazi kwa yeyote duniani mwenye intaneti na subira. Intaneti yetu ilikuwa ya kubahatisha. Subira nilikuwa nayo kupita kiasi, au niseme nilikuwa na woga ambao kwa mbali ulifanana na subira.

Kipande chetu cha anga kilikuwa na vitu viwili jirani. Upande mmoja kulikuwa na mabaki ya nyota iliyolipuka zamani sana: duara lililochanika ubavuni, gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, ambayo bado inatawanyika na bado inang'aa baada ya maelfu ya miaka. Upande wa pili kulikuwa na wingu la vumbi na gesi ambamo nyota zinazaliwa. Kwa jicho la kawaida wingu hilo ni giza, kama moshi wa mkaa mbichi uliojaa jikoni. Lakini nyota changa zina fujo. Hutoa eksirei nyingi kuliko jua letu, na eksirei hupenya vumbi. Kwa hiyo katika picha zetu wingu lile jeusi lilijaa vidoa, na kila kidoa huenda kilikuwa nyota iliyozaliwa juzi, kwa hesabu ya nyota.

Huenda. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya neno hilo. Kidoa katika picha ya eksirei si kama taa unayoiona barabarani. Vingine ni chembe chache za mwanga, kumi hivi, zilizoanguka karibukaribu katika saa nyingi za kungoja. Na chombo kinachozipokea kina wazimu wake; kuna sehemu zake zinazojiwasha zenyewe bila kuguswa na kitu. Waliotengeneza darubini ile walilijua hilo, wakaifanya itikisike polepole wakati inapiga picha. Kosa la chombo hutembea pamoja na chombo, kwa hiyo ukiipanga picha upya juu ya anga, kosa linatawanyika na kuchora mkia. Nyota haitembei. Inabaki pale pale. Jambo hilo lilinifariji kuliko nilivyoweza kumweleza mtu, kwamba kutikisika kunaweza kuwa njia ya kujua. Mimi nilikuwa natikisika siku zote, na sikuwa najua lolote.

Nami nilikuwa na kidoa changu. Kilikuwa pembezoni mwa wingu, upande ulio mbali na mabaki ya ile nyota iliyolipuka, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutaja nyota. Kilikuwa hafifu. Nilikipima kwa kila njia niliyofundishwa, kikapita kila mtihani kwa shida, kama mwanafunzi anayepata alama ya kupita na si zaidi. Profesa alikuwa akikusanya mapendekezo ili kundi liombe eneo lile lipigwe picha tena, ndefu zaidi, na alisema mwenye kidoa anachotaka kitazamwe amwambie kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Niliandika mwingine mrefu zaidi, wenye kuomba radhi mara tatu kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, nikaufuta huo nao. Niliiona darubini kubwa ya watu wote ikigeuzwa polepole huko juu kwa sababu ya binti mmoja wa Dzaleka aliyeona vitu visivyokuwepo.

Sasa mama fundi. Yeye alitoka Bukavu. Sisi kwetu ni Uvira. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya kwenye cherehani iliyokaa mlangoni pake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa msusi wake wa Jumamosi. Shahada haikuwa imeniletea mshahara, kwa hiyo kusuka ndiko kulikonunua sabuni. Alinijua kwa vidole vyangu kabla ya kunijua kwa elimu.

Elimu aliijua Jumapili moja. Baada ya ibada kiongozi wa vijana aliazima projekta, akaniomba niwaonyeshe watu kile ninachofanya siku nzima chumbani mle. Niliwawekea ukutani picha ya mabaki ya nyota. Ukuta wetu wa matofali ulijaa nyekundu, kijani na buluu. Kisha mama fundi akauliza kutoka benchi la nyuma:

"Hii marangi iko ya kweli, ao mulitia?"

"Tulitia, mama."

Watu wakacheka. Nikaeleza, jasho likinitoka, kwamba eksirei haina rangi kwa jicho la mtu. Miale dhaifu tunaipa nyekundu, ya kati kijani, yenye nguvu buluu, ili macho yaweze kutenganisha. Nikaona wananiangalia kama mtu aliyekiri kuuza maziwa yenye maji. Nikaharakisha kusema jambo jingine: kwamba nyota kubwa zikilipuka ndipo chuma kinapotawanyika angani, na kwamba hata chuma cha sindano ya cherehani kilipikwa ndani ya nyota.

"Kama nyota njo zinatoa chuma," akasema mama fundi, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu ambacho 'njo' ni 'ndiyo', "juu ya nini sindano inapanda bei pale soko ya Tsoka kila mwezi?"

Hakuna nilichosema siku ile kilichochekesha nusu ya hapo.

Siku iliyofuata, alasiri, alikuja kwetu na bahasha kubwa ya kaki chini ya kitenge. Alisubiri mama yangu atoke kwenda kusaga, ndipo akaitoa.

"Binti yangu, hii miale yako ya nyota na ile ya hospitali, si iko moja?"

"Ni moja, mama. Lakini sisi..."

"Basi. Angalia."

"Mama, mi si dokta."

"Sikukuita dokta. Nilisema angalia."

Kabla sijaangalia alinieleza, kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. Familia yake ilikuwa imeitwa. Baada ya miaka ya kungoja na mahojiano yaliyorudiwa hata watoto wakayajua kwa moyo, kilichobaki kabla ya kusafiri kwenda kuishi nchi nyingine kilikuwa uchunguzi wa afya. Kambini kila mtu anajua kwamba mlango ule ndio mwembamba kuliko yote. Wanapiga picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, na mmoja akikutwa na kivuli, safari ya wote inasimama, kwa sababu faili la familia linasafiri pamoja. Basi yeye alifanya wanavyofanya wengi wetu bila kuambiana. Alikwenda kimya kimya Lilongwe, kwenye kliniki ndogo ya Old Town, akapiga picha yake mwenyewe mapema, ili ajue kabla wao hawajajua. Mtu wa kliniki aliishika picha kwenye mwanga, akamwambia arudi wapige nyingine, na wapime makohozi. Hakurudi. Hakumwambia hata mumewe.

Niliinua ile picha dirishani. Mbavu, kivuli cha moyo, na chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, doa jeupe lenye kingo za ukungu. Lilikuwa refu kidogo, likipanda kuelekea shingoni.

"Unaona nini?"

"Naona kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui, mama."

Alinitazama kama mteja aliyeletewa gauni lenye mkono mmoja. "We unaangalia nyota zenye zilishakufa," akasema, "na mi niko muzima mbele yako, unaniambia sijui?"

Nikamuuliza kama anakohoa. Hakohoi. Kama amepungua. Nani kambini hajapungua. Nikamuuliza sasa atafanya nini, naye akaniambia mpango wake bila aibu, kama mtu anayeeleza njia ya mkato. Siku ya uchunguzi ataenda kwa mdogo wake anayeishi Chilinde, mjini Lilongwe, na huko atatuma habari kwamba ni mgonjwa.

"Nitasema niko na malaria. Malaria haina picha."

"Na wasipowapanga tena?"

Aliirudisha picha kwenye bahasha polepole, akipanga kingo zake kama kitambaa ambacho bado kitauzwa, akaondoka.

Basi hapo ndipo usingizi ulipokwisha. Sijui kama watu wengine hufikiri hivi. Mimi nikipewa jambo moja nalivunja vipande, na kila kipande nakipa mdomo. Nikimwambia aende, na wakamkuta mgonjwa, watoto wake watakua wakijua kwamba safari yao ilikatwa na msusi. Nikimwambia asiende, na akawa mgonjwa kweli, atalala Chilinde na ugonjwa wake, akimpumulia mdogo wake usoni. Nikikaa kimya, hayo yote yatatokea vilevile, ila mimi nitakuwa safi. Na usafi huo ulinichukiza kila nilipoufikiria. Mama yangu aliniuliza kwa nini nasonga ugali kama ninayepigana nao. Nilisema naota nyota. Alisema nyota hazijawahi kuunguza sufuria.

Kazini sikufanya lolote la maana. Nilifungua picha ya wingu, nikatazama kidoa changu, nikafunga. Ilinijia kwamba nina madoa mawili na sina ujasiri hata wa moja.

Jumamosi mama fundi alikuja kusukwa kama kawaida, maana kutokuja kungezua maswali. Alikaa kwenye mkeka, mgongo kwangu, kichwa kati ya magoti yangu. Nilikuwa nimfumue kwanza. Kichwani bado alikuwa na misokoto minene ya meshi, zile nywele za bandia, niliyomsuka kwa ajili ya harusi ya kanisani, mirefu mpaka kifuani. Nilimaliza upande wa kushoto, nikahamia wa kulia. Nilipoachia msokoto mmoja ulianguka mbele ya bega, ukalala juu ya mtulinga, ncha yake ikaishia pale ambapo blauzi inaanzia.

Mikono ikasimama.

"Umesinzia?" akauliza.

"Mama, ile siku ya picha ulikuwa na nywele gani?"

"Hizi hizi. Zako."

"Walikuambia uzifunge?"

"Kufunga wapi? Alisema vua blauzi, vaa shuka, shika pumuzi. Nywele hakuuliza." Kisha akageuza kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima kama kichaka. "Juu ya nini?"

Ningemwambia pale pale. Mtu mwingine yeyote angemwambia. Lakini mimi nilikwishaanza kuogopa upya, safari hii nikiiogopa furaha yake. Kwa sababu kosa la chombo lina ladha tamu. Ukishaliona, unatamani kila doa usilolipenda liwe kosa la chombo. Nilikwisha kumuona mtu katika kundi letu akifuta kidoa halali kwa sababu kilimharibia mchoro wake. Je, kama nywele zilikuwa pale na ugonjwa ulikuwa pale, vyote viwili, kimoja juu ya kingine?

Nilisema kichwa kinaniuma. Ilikuwa kweli kufikia dakika ile. Nikamwacha aende na kichwa nusu, akajifunga kitambaa na kunung'unika mpaka mlangoni pake kwamba siku hizi hata wasusi wanaenda likizo.

Alivaa kile kitambaa Jumapili nzima, akiimba katika safu ya mbele, upande mmoja wa kichwa umevimba kuliko mwingine. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye kitabu cha nyimbo nilikiona. Nadhani kitambaa kile kilifanya kazi ambayo sala zangu hazikuwa zimefanya. Jumatatu asubuhi nilipita chumba cha kompyuta bila kuingia, nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani yake. Alikuwa akipindisha ukosi wa shati la shule. Hakuinua kichwa.

"Dokta ya nyota. Kichwa imepona?"

"Mama, nimekuja kukuambia ninachojua, na ni kidogo."

Gurudumu la cherehani likasimama.

Nikamwambia. Nilisema lile doa linaweza kuwa msokoto wa nywele uliolala kifuani, kwa sababu ni refu na linapanda kuelekea shingoni, na mapafu hayapandi shingoni mpaka juu hivyo. Nilisema pia linaweza kuwa kifua kikuu. Nilisema picha ile moja haiwezi kutuambia hata tukiitazama mwaka mzima, na kwamba hata sisi tunaotazama nyota hatuamini doa mpaka litazamwe mara ya pili, chombo kikiwa kimekaa tofauti. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilifika mwisho.

Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Unataka kusema mapafu yangu iko na meshi?"

"Nasema sijui, mama. Ila sasa najua namna ya kuuliza."

"Na picha ya pili ikisema ni kifua?"

"Basi kuna dawa, utakunywa miezi kadhaa, na mtasafiri baadaye. Lakini ukienda Chilinde, litakwenda na wewe Chilinde."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. Aliutazama ule ukosi kwa muda mrefu kuliko ukosi unavyostahili. Mtoto alipita akiomba kitambaa cha kutengenezea mpira, akampa bila kumtazama.

"Utanisuka leo," akasema hatimaye. "Yenye inalala kwenye kichwa, mustari mustari. Bila meshi. Na tutaenda wote. Kama ni nywele zako njo zimenitesa hivi, we njo utajibu."

Habari hiyo mama fundi alimweleza mumewe yeye mwenyewe. Sijui maneno aliyotumia; niliona tu kwamba Ijumaa alfajiri mume ndiye aliyetuletea waendesha kabaza wawili, wale wa baiskeli za kubeba abiria, mpaka mlangoni, akashika usukani wa baiskeli ya mkewe mpaka alipokaa vizuri, akanipa mkono. Tulifika barabara kuu tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kutoka hapo tukapata gari la Lilongwe.

Kliniki ilikuwa Old Town, ghorofani, juu ya duka la vitambaa vya jumla. Mama fundi alisimama dukani kwanza. Alishika kitambaa hiki, akanusa kile, akauliza bei ya robota zima ambalo hakuwa na haja nalo. Nilielewa. Mimi pia ningeuliza bei ya duka lote ili nisipande ngazi zile. Nilimngoja, na alipomaliza alipanda mbele yangu.

Mtu wa kliniki alimkumbuka. Alisema kwa Kichewa, lugha ya wenyeji, kwamba alikuwa amemngoja sana. Nilimsalimu, nikamweleza habari ya nywele kwa Kichewa changu cha sokoni, nikiomba radhi kila baada ya maneno mawili. Aliichukua picha ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akatazama kichwa cha mama fundi, akatazama picha tena. "Inawezekana," akasema. "Inawezekana kabisa." Hakuwa na aibu wala haraka. Alimpeleka ndani, nikabaki kwenye benchi nikitazama mlango wenye alama ya manjano.

Nilifikiri kuhusu miale. Katika chumba kile mashine inaitoa, inapita katika mtu, na kinachobaki kinachora kivuli chake. Huko juu hakuna mashine. Vitu vyenyewe vinawaka, na sisi tunapokea kile vinachotoa. Lakini mwale ni ule ule. Unapenya vumbi la wingu, unapenya shuka na ngozi, na hauna habari na woga wa mtu yeyote.

Picha ya pili ilipokuwa tayari tulisimama watatu mbele ya lile sanduku lenye taa. Doa refu halikuwepo. Pale lilipokuwa sasa palionekana wazi, mbavu zikipita safi. Mama fundi alivuta pumzi kusema kitu. Yule mtu akainua kidole. Chini kidogo, mahali ambapo katika picha ya kwanza palifunikwa, kulikuwa na alama nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, nyeupe na yenye kingo kali.

Alieleza polepole, nami nikatafsiri. Alama kama ile mara nyingi ni kovu, ugonjwa wa zamani uliojifunga wenyewe, pengine mtu hakujua hata kama aliugua. Mara nyingi, si mara zote. Makohozi yangesema zaidi. Akamchukulia makohozi siku ileile. Akamshauri aende kwenye uchunguzi wake na picha zote mbili mkononi, asifiche hata moja, kwa sababu daktari mwenye picha mbili anaweza kulinganisha, na mwenye moja anaweza tu kuogopa.

Tulishuka ngazi. Chini, kwenye kivuli cha duka la vitambaa, alikaa juu ya robota lililokuwa likingoja mteja wake.

"Kwa hiyo nusu ilikuwa yako," akasema, "na nusu iko yangu."

"Ndiyo, mama."

"Nilipokuwa mutoto, Bukavu, nilikohoa musimu nzima wa mvua. Mama yangu alinipa majani. Ikaisha." Aliifungua bahasha, akazitazama picha mbili zikiwa bado ndani, kama anayehakikisha zinakaa pamoja. "Nitaenda. Mapicha yote mbili. Waseme wenyewe."

Hakucheka, lakini mabega yalikuwa yameshuka kutoka masikioni yalikokuwa tangu asubuhi, na nilipomwona hivyo nikagundua kwamba na mimi napumua.

Yaliyofuata niyaseme kwa ufupi, kwa kuwa ni yake zaidi kuliko yangu. Makohozi yalitoka safi. Wale wa uchunguzi waliziangalia picha mbili, wakaomba ya tatu, wakaahirisha safari, na mvua zikapita wakiwa bado kambini. Aliendelea kushona magauni ya kwaya ambayo alidhani hatayaona yakivaliwa. Kisha waliondoka, wote, faili moja. Huko aliko kuna baridi, na hunitumia ujumbe wa sauti kulalamika kwamba hakuna mtu anayejua kusuka mstari ulionyooka.

Lakini siku ile tulikuwa bado Old Town, na ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimejiambia kwamba kwa sababu ya safari sitaweza kutuma kitu chochote, na kwamba hilo halikuwa kosa langu. Nilisimama pale na simu mkononi, mtandao ukiwa na nguvu kuliko nilivyouona siku yoyote Dzaleka. Nilifikiri kuhusu msokoto na punje ya mahindi. Nilikuwa nimeogopa kwamba kutazama mara ya pili kutanionyesha kuwa nilikosea, na sasa nilikuwa nimetoka kuona kwamba mtu anaweza kukosea nusu, akawa sahihi nusu, na bado akashuka ngazi kwa miguu yake.

Niliandika: *Kuna kidoa pembezoni mwa wingu, upande ulio mbali na mabaki. Nimekipima kwa njia zote ninazozijua. Sijui kama ni nyota. Naomba kitazamwe tena.* Nikaweka mahali kilipo angani. Sikuomba radhi.

Mama fundi alichungulia juu ya bega langu.

"Unaandikia nani?"

"Profesa. Kuna kidoa changu huko angani, sina hakika nacho."

"Na yenyewe iko na meshi?"

"Inawezekana, mama," nikasema, nikabonyeza kutuma.